Koti la Kuazima

Liko swali ambalo nimelichukua moyoni tangu mwaka jana, nami leo nalileta mbele yenu: mtu akivaa koti la kuazima, akasimama apigwe picha, je, amesema uongo?

Lilinijia hivi. Siku ya kufunga shule nalikuwa nikipiga picha za wazazi. Nikamwona mama mmoja akitoka shambani, jembe begani, kanga ina tope, na jua la jioni limempiga usoni. Nikamwambia, “Mama, simama papo hapo, vivyo hivyo ulivyo.” Akakataa. Akaenda kwa jirani, akarudi amevaa gauni la kuazima, na viatu vilivyomlegea miguuni. Nikanung’unika kwamba picha imeharibika. Akaniuliza, “Mwalimu, wataka kunipiga picha mimi, au jembe langu?” Nikampiga picha shingo upande.

Baadaye nikasoma habari za Seydou Keïta, aliyefungua studio mjini Bamako mwaka 1948, wakati nchi ya Mali ilipokuwa ingali chini ya Wafaransa. Humo zilikuwamo suti, tai, saa za mkono, kalamu na redio, tayari kwa mteja yeyote. Mtu aliweza kuingia bila saa, akapigwa picha na saa, akatoka bila saa. Zamani ningalisema kuwa huo ni udanganyifu.

Lakini ziko picha nyingine, ambazo hazina hata kifungo cha kuazima. Mwaka 1850, huko Columbia, South Carolina, katika Marekani, watumwa saba walipigwa picha kwa ajili ya Louis Agassiz, mtaalamu wa chuo kikuu cha Harvard. Yeye alitaka kuthibitisha kwamba watu weusi na watu weupe hawakutoka katika asili moja. Mpiga picha, Joseph Zealy, aliwapiga wamevuliwa nguo, wengine mpaka kiunoni, wengine zote. Mmoja wao alikuwa Renty, aliyeandikwa kuwa mtu wa Kongo. Na mwingine alikuwa Delia, binti yake. Fikirini, baba na binti! Picha hizo zilisahauliwa hata mwaka 1976, zilipoonekana darini katika jumba la makumbusho la chuo hicho.

Katika picha zile hapakuongezwa kitu. Ngozi ni yao, macho ni yao, wala chombo hakikukosea hata unywele mmoja. Hata hivyo mimi naziita uongo. Agassiz alikwisha kuamua atakaloliona kabla Zealy hajafungua chombo chake, na Renty, aliyekuwa baba wa mtu, akawekwa pale kuwa mfano wa kabila tu, kama jani lililokaushwa kitabuni. Hakuna aliyemwuliza angependa kuonekana vipi. Mteja wa Bamako aliulizwa, naye akajibu kwa saa ile.

Labda mtu atasema, “Basi kijana anayeegemea gari la mwenyewe, akampelekea mchumba picha, naye ni mkweli?” La. Lakini uongo wake huanza pale anaposema kwa wakwe kwamba gari ni lake. Studioni alikuwa akitamani tu, na tamaa yake ni yake kweli.

Narudi kwa yule mama, maana hapo ndipo swali linaponichoma. Mimi nami ni mtoto wa mkulima, si mgeni aliyekuja kutafuta mifano ya makabila. Walakini picha niliyoitaka, ya mwanamke wa shamba na jembe lake, nalikwisha kuiona mara nyingi katika kadi za posta, nami nalikuwa nayo kichwani kabla mama hajatokea njiani. Nilihitaji mtu wa kuijaza tu.

Mwezi uliopita mtoto wake aliniletea ile picha ya gauni, ametumwa niandike jina na tarehe nyuma yake. Tarehe nalikuwa nayo. Jina la mama ilinibidi nimwulize mtoto.