Mwizi wa Embe na Mwembe

Tarehe 18 Januari 2012 Wikipedia ya Kiingereza ilifunga kurasa zake kwa saa 24, kupinga miswada ya SOPA na PIPA katika Bunge la Marekani, iliyokusudia kuzuia wizi wa hakimiliki. Wapinzani walihofu kwamba tovuti nzima ingefungwa kwa kosa la wachache. Siku mbili baadaye miswada ikawekwa kando.

Nilifurahi, kisha nikajihoji. Nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu nilidurufu kitabu kizima kwa stensili, maana wanachuo 40 walikuwa na nakala moja tu. Mwandishi hakupata hata senti. Je, niliiba? Naam, nilikula jasho lake, ingawa kwa haja. Lakini mwizi wa embe huadhibiwa, mwembe haukatwi. Deni la mwandishi yule bado ninalo.