Je, "Sijui" ni Jibu?

Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu vitu visivyotambulika angani. Kati ya taarifa 144, nyingi zikiwa za marubani wa kijeshi, moja tu ilipata maelezo ya uhakika: lilikuwa puto lililoishiwa hewa. Je, tuwaamini mashahidi hao?

Naona tutenganishe kuona na kujua ulichokiona. Mtu wa Mbale akisema ameona mwanga usiku juu ya Wanale, simwiti mwongo. Huenda ni moto wa mkulima au taa ya pikipiki. Ushahidi wake unathibitisha mwanga, hauthibitishi jini. Vivyo hivyo, rubani anathibitisha kwamba ameona kitu, si kwamba wageni wametoka sayari nyingine.

Hata hivyo, kumcheka ni kosa kubwa zaidi. Ripoti hiyo ilikiri kwamba marubani husita kusema kwa kuogopa kudharauliwa. Kwetu Jinja, mvuvi akinyamazia alichokiona majini kwa kuogopa kuchekwa, mitumbwi ya wenzake ndiyo itakayogonga.

Kwa hiyo "sijui" inayotanguliwa na uchunguzi ni jibu la heshima. "Sijui" ya uvivu siyo.