Imani ya Farasi na Amana ya Mpandaji

Lugha yetu ina maneno manne yaliyochipuka katika shina moja: amini, imani, amani na amana. Twayatumia kila siku bila ya kukumbuka udugu wao. Amani ni hali ya mtu asiye na jambo la kumtisha. Imani ni moyo wa kumkubali mwingine pasipo kumpeleleza kila saa. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa mikononi mwa mwingine ili itunzwe mpaka itakapotakiwa. Amini ni tendo liyaungayo yote matatu. Nataka kuonyesha ya kuwa maneno haya ni ndugu kwa maana kama yalivyo ndugu kwa sauti, na shahidi nitakayemwita si mwanafalsafa wala mshairi, bali ni farasi mgeni anayefundishwa na bwana wake mpya kupita vikwazo vya njiani.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini farasi, hali katika Afrika Mashariki mnyama huyu ni adimu. Ndorobo na maradhi mengine yamemzuia asienee, na mbeba mizigo wetu tangu zamani ni punda. Sababu ni hii. Baina ya watu, imani hufunikwa na maneno: kuna ahadi, kuna kiapo, kuna karatasi iliyotiwa sahihi, na mara nyingi hatujui kama mtu amemwamini mwenzake au ameiamini karatasi. Farasi hana karatasi. Akimwamini mtu, imani yake husimama peke yake, na kwa hiyo yaweza kuchunguzwa vizuri zaidi. Maswali ya kuichunguza ni mawili. Je, imani yaweza kufundishwa? Na aliyeifundisha akaipata, ana deni gani?

Kwanza yafaa tuijue hofu ya farasi. Farasi ni mnyama anayewindwa. Wazazi wake wa kale waliokoka zaidi kwa mbio kuliko kwa mapigano. Macho yake yamekaa ubavuni mwa kichwa, hata aweza kuona karibu pande zote bila ya kugeuza shingo, isipokuwa mahali padogo mbele ya paji la uso na pengine nyuma ya mkia. Basi turubai lililotandazwa njiani kwake si turubai. Laweza kuwa shimo, au maji yasiyojulikana kina. Daraja la mbao hulia chini ya kwato kama kitu kilicho tupu ndani. Lango likifungwa nyuma yake, njia ya kukimbilia imekatwa. Mpandaji huyaona haya kuwa upuuzi, lakini ndani yake mna akili ya kale. Aogopaye bure mara mia hupoteza pumzi; asiyeogopa mara moja tu palipo na simba hupoteza maisha.

Katika mashamba ya mifugo ya magharibi ya Marekani, na siku hizi katika nchi nyingine nyingi, ni desturi kuvipanga vikwazo hivi uwanjani kabla ya safari: magogo ya kuruka, daraja fupi, turubai, lango la kufungua na kufunga, dimbwi la maji, na uchochoro mwembamba wa kupita kinyumenyume. Mtu huanza kwa miguu, ameshika kamba, farasi ubavuni mwake. Humwongoza mpaka pale masikio yake yanaposimama na puani mwake panapotanuka. Hapo ndipo mpaka wa imani ya siku ile, na mwalimu mwema hausogezi kwa nguvu. Husimama, akangoja. Farasi akiinamisha kichwa na kunusa, au akisogea japo kwa upana wa kiganja, kamba hulegezwa papo hapo, maana kulegea kwa kamba ndiko kunakomwambia ya kuwa amejibu sawasawa. Akiweka ukwato mmoja juu ya daraja, hurudishwa nyuma kabla hajaomba kurudi, akapumzishwa. Kesho huweka kwato mbili. Yupo avukaye siku ya tatu, na yupo avukaye siku ya thelathini. Tom Dorrance, aliyeishi kati ya 1910 na 2003, na mwanafunzi wake Ray Hunt, aliyefariki mwaka 2009, wanakumbukwa kwa kuwahimiza wafugaji wa huko waache desturi ya kumvunja farasi, wakashika desturi ya kumsikiliza.

Wala shauri hili si jipya. Yapata miaka 2,400 iliyopita, Xenophon wa Athene aliandika kitabu juu ya sanaa ya kupanda farasi. Alishauri kwamba farasi akikiogopa kitu, mpandaji akiguse yeye mwenyewe kwanza, kisha amwongoze mnyama taratibu akikaribie. Alionya kuwa wampigao humzidishia hofu, kwa sababu farasi hudhani maumivu yale yametoka katika kitu anachokiogopa. Huyu alikuwa askari aliyeongoza majeshi, asiyeweza kushukiwa kuwa na moyo laini kupita kiasi. Alisema hivyo kwa kuwa aliona mjeledi haufiki pale anapotaka mpandaji: wafika katika ngozi, wala hauingii katika nia.

Sasa tuseme farasi watatu wamesimama mbele ya daraja moja, na wote watatu wamevuka. Mtazamaji aliye mbali hataona tofauti, lakini tofauti ipo, na ndiyo kiini cha shauri hili.

Farasi wa kwanza amevuka kwa sababu nyuma yake kuna mjeledi, na mjeledi wamtisha kuliko daraja. Huyu hana imani. Amepima hofu mbili akachagua iliyo ndogo. Siku atakapokutana na kitisho kikubwa kuliko mjeledi, atamwangusha mpandaji aende zake. Hapo watu watasema fadhila za punda ni mateke, wala hawatauliza punda mwenyewe alitangulia kupewa fadhila gani.

Farasi wa pili amevuka kwa kuwa amejua ya kwamba hata akisimama, hata akitetemeka, hata akirudi nyuma, hakuna kitakachobadilika. Macho yake yamezimika, na wapitao husifu upole wake. Upole huu ni kukata tamaa kulikovaa nguo ya utii. Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Martin Seligman na Steven Maier, walieleza habari ya mbwa waliopigwa umeme wasiokuwa na njia ya kuuzuia. Baadaye, walipowekwa mahali ambapo wangeokoka kwa kuruka kizuizi kifupi tu, wengi wao hawakujaribu, waliyapokea maumivu. Wataalamu hao walisema ya kuwa mbwa walikuwa wamejifunza unyonge. Lakini mwaka 2016 wao wenyewe waliandika kwamba nadharia yao ya kwanza ilikuwa imepinduka. Unyonge haufundishwi, ndiyo hali ya asili ya kiumbe aliyeteswa muda mrefu. Kinachofundishwa ni kutambua ya kuwa tendo lako laweza kubadili mambo.

Hapo ndipo tunapomkuta farasi wa tatu. Huyu amevuka kwa sababu alisimama jana na kusimama kwake kuliheshimiwa. Alisema hapana kwa lugha ya masikio na kwato, na hapana yake ilisikiwa. Alipoona ya kuwa neno lake lina uzito mbele ya mtu huyu, alianza kulipa uzito neno la mtu huyu. Kwa hiyo nasema: palipokosekana ruhusa ya kukataa, kukubali hakuna maana. Utii waweza kutolewa na yeyote aliyefungwa, lakini imani hutolewa na yule tu ambaye angeweza kuinyima. Kwa kweli kikwazo kile hakimpimi farasi peke yake. Humpima zaidi mtu, kama aweza kungoja, na kama aweza kukataliwa bila ya kughadhibika.

Kanuni hii haiishi katika uwanja wa farasi. Mwalimu ambaye wanafunzi wake huitikia ndiyo kwa kila asemalo hana sababu ya kujisifu mpaka ajue ni ndiyo ya farasi yupi kati ya hawa watatu. Mtawala naye ni vivyo hivyo. Ukimya wa watu waweza kuwa ridhaa, na waweza kuwa ukimya wa farasi wa pili. Hakuna njia ya kuzipambanua hali hizi ila kufungua lango na kutazama nani atabaki.

Lakini yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza lasema ya kuwa mnyama hajui imani. Ni mazoea tu ya kamba kukazwa na kulegezwa, na sisi twamvika farasi joho la binadamu. Mwenye kusema hivi hunena sehemu ya kweli. Mjini Berlin, mwaka 1904, farasi aliyeitwa Hans aliwastaajabisha watu kwa kujibu maswali ya hesabu kwa kugonga ukwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha ya kuwa Hans hakujua hesabu hata kidogo: muulizaji asipojua jibu, au farasi asipomwona muulizaji, Hans alishindwa. Alichokuwa akikisoma ni mwendo mdogo wa kichwa na mwili wa mtu, mdogo hata mwenyewe hakujua ya kuwa anautoa. Watu wengi walicheka, wakasema Hans si mwerevu. Mimi naona Hans alitufundisha jambo kubwa kuliko hesabu. Mbele ya farasi hakuna ahadi za mdomo. Mwili wa mtu husema ukweli ambao ulimi wake umeuficha. Basi yawezekana farasi hajui imani kama wazo la kitabu, lakini amtofautisha mtu ambaye penye hofu humwachia nafasi na yule ambaye humwongezea hofu, naye huenda kwa mujibu wa tofauti hiyo. Watu wengi nao huamini kwa namna iyo hiyo kabla hawajapata maneno ya kueleza.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Lasema ya kuwa upole huu ni hila. Mtu hutengeneza hofu mwenyewe, akaiponya mwenyewe, akavuna imani. Na mwisho wa yote farasi hubeba mzigo ule ule ambao angeubeba kwa mjeledi. Tofauti ni kwamba sasa aubeba kwa hiari. Je, si afadhali kudhulumiwa kwa nguvu kuliko kudhulumiwa kwa mapenzi?

Historia hailifutilii mbali pingamizi hili. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia farasi walizoezwa kuvumilia mlio wa bunduki na moshi, na mamilioni wao wakafa. Nchi yetu nayo iliona sehemu yake. Mwezi wa Aprili 1916, katika majira ya mvua, farasi wa kikosi cha Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer walisukumwa kutoka upande wa Arusha mpaka Kondoa Irangi. Walikufa mamia kwa mamia kwa uchovu na maradhi, na ndorobo akamaliza wengi waliobaki. Na waliosalimika katika vita vya nchi nyingine hawakusalimika na amani. Waingereza waliwauza maelfu ya farasi wao huko Misri, wakavuta mikokoteni na kubeba mawe mpaka uzeeni. Mwaka 1930 Bibi Dorothy Brooke alifika Kairo akawakuta, wamekonda, wengine vipofu. Akaomba fedha kwa watu wa kwao, akawanunua yapata 5,000, akafungua hospitali ya wanyama mwaka 1934. Wengi aliowanunua walikuwa wamechoka hata hapakuwa na rehema ila kuwapumzisha kwa kifo chepesi.

Kosa lililotendwa hapa halikuwa kumfundisha farasi kuamini. Lilikuwa kuichukua imani yake kama bei iliyokwisha kulipwa, hali ilikuwa amana iliyowekwa. Bei ikilipwa, mpokeaji ni huru kwenda zake. Amana ikipokewa, mpokeaji amefungwa. Farasi avukaye daraja kwa sababu umemwambia ni salama ameuweka uhai wake katika hukumu yako. Ameacha macho yake akatumia yako. Tangu saa hiyo huna ruhusa ya kumwongoza juu ya ubao uliooza, wala kumwuza kwa yeyote ajaye na fedha, wala kumsahau magoti yake yakikataa kazi. Wasemao punda afe mzigo ufike wana unyofu wa namna fulani: hawakumwomba punda amwamini mtu. Sisi tuliomwomba farasi atuamini hatuna tena njia ya kusema hivyo.

Hivyo jibu la pingamizi la pili si hoja, bali ni mwenendo. Upole ni hila kwa yule asiyekusudia kulipa, na ni haki kwa yule akusudiaye. Siku ya darajani watu hawa wawili hawatofautiani, maana wote wawili hulegeza kamba na kungoja. Hutofautiana miaka mingi baadaye, wakati farasi hana faida tena na hakuna atazamaye. Imani yaweza kufundishwa. Hilo Xenophon alilijua na wafugaji wa Marekani wamelithibitisha. Lakini hufundishwa kwa mkopo. Mpandaji huanza kwa kumpa mnyama amani kidogo mbele ya turubai, naye hupewa imani, na imani ile hugeuka amana shingoni mwake. Amana haifi kwa kuzeeka kwa aliyeiweka. Hurudishwa kwake, na kwa farasi hakuna namna ya kuirudisha ila kwa kile kitu alichokitaka tangu siku ya kwanza, nacho ni amani.