Usingizi wa Wanawali Wenye Busara

Swali la iwapo kiumbe anaweza kuamriwa akeshe daima bila kuangamia ni la zamani katika Ukristo na Uislamu, nalo lina uzito wa pekee katika miji ya Thika na Ruiru nchini Kenya. Ruiru, ambao kwa sensa ya mwaka 2019 ulikuwa na wakazi karibu nusu milioni, hukaliwa kwa sehemu kubwa na watu wanaoshinda Nairobi na kurudi usiku kulala tu; Thika una viwanda vinavyoendeshwa kwa zamu; na barabara kuu inayoiunganisha miji hiyo na Nairobi, iliyozinduliwa na Rais Mwai Kibaki mwaka 2012, husafirisha wafanyakazi kuanzia kabla ya mapambazuko. Juu ya hayo, makanisa mengi ya eneo hilo hufanya kesha, yaani ibada ya maombi inayoanza jioni na kuendelea hadi alfajiri, mara nyingi usiku wa Ijumaa. Pale ambapo mwajiri na mhubiri wote wawili husifu macho yaliyo wazi, usingizi huonekana kuwa uvivu, au hata upungufu wa imani.

Mfano wa wanawali kumi katika Injili ya Mathayo, sura ya 25, ambao hutumiwa sana kuwahimiza waumini wakeshe, unasema jambo ambalo wahubiri wengi hulipita haraka: bwana arusi alipokawia, wanawali wote kumi walisinzia wakalala, wale watano wenye busara pamoja na wale watano wapumbavu. Hakuna aliyelaumiwa kwa kulala. Kilichowatenganisha ni akiba ya mafuta, ambayo wenye busara waliiweka kabla ya kufumba macho, hata kelele zilipopigwa usiku wa manane wakaweza kuinuka na kuziwasha taa zao. Kwa kuwa mfano huo unamalizika kwa amri ya kukesha, msomaji makini hana budi kukubali kwamba kukesha kunakoamriwa hapo hakupingani na usingizi, na kwamba mtu aweza kulitimiza agizo hilo akiwa amelala.

Jambo hilohilo limewashughulisha, kwa njia isiyo ya kidini, waundaji wa mifumo endeshi. Mfumo endeshi ni programu inayosimamia kompyuta au simu nzima, na sehemu yake ya ndani kabisa, inayozigawia programu nyingine muda wa prosesa, kumbukumbu na umeme, huitwa kerneli. Kerneli ya Linux, ambayo Linus Torvalds alianza kuiandika mwaka 1991 na ambayo leo imo ndani ya kila simu ya Android inayouzwa madukani Thika, kwa miaka mingi iligutushwa na saa yake mara 100, 250 au hata 1,000 kwa sekunde ili itazame kama kuna kazi, hata pale ambapo hapakuwa na kazi yoyote. Toleo la 2.6.21 la mwaka 2007 lilianza kuiacha desturi hiyo: kerneli isiyo na kazi huangalia miadi yake ya karibu ni ya saa ngapi, huikabidhi saa jukumu la kuingoja, kisha huilaza prosesa mpaka wakati huo ufike au ishara itoke nje, iwe ni simu inayopigwa au kidole kinachobonyeza kitufe. Umakini wake haukupungua hata kidogo, kwa sababu haukuwahi kukaa katika kule kugutuka ovyo. Ulikaa katika kuwa wazi kwa njia ambayo wito ungepitia.

Ugumu hujitokeza kizingitini. Simu inapoingia katika usingizi mzito zaidi, ambamo programu zote husimamishwa na umeme hubaki kidogo tu wa kuhifadhi yaliyomo katika kumbukumbu, kuna muda mfupi ambapo uamuzi wa kulala umekwisha kupitishwa lakini usingizi wenyewe haujaingia. Na wito unaofika katika muda huo waweza kupotea bila mtu kuusikia. Tiba iliyobuniwa na Rafael Wysocki, ikaingizwa katika toleo la 2.6.36 la mwaka 2010, ni ya hesabu: kerneli huhesabu kila tukio la kuamsha, programu inayotaka kuulaza mfumo huisoma kwanza hesabu hiyo, hukamilisha maandalizi yake, kisha huirudishia kerneli tarakimu ileile, na ikiwa hesabu imebadilika katikati, kerneli hukataa kulala. Waislamu wana desturi ya muhasaba, yaani mtu kuihesabu nafsi yake na matendo yake kabla ya kulala, na Waraka kwa Waefeso unawataka Wakristo wasiache jua lichwe wakiwa bado na hasira. Desturi hizo mbili zinalinda kizingiti hichohicho: hakuna anayeruhusiwa kulala huku kuna mwito aliokwisha kuusikia na bado hajaujibu.

Hata hivyo, kuna pia hatari iliyo kinyume. Android huiruhusu programu kushika kile kinachoweza kuitwa kufuli la kukesha, ambalo huizuia simu isilale mpaka lifunguliwe, na programu moja inayoshika kufuli hilo bila kuliachia huimaliza betri ya wote. Mwajiri anayedai majibu ya ujumbe usiku wa manane kutoka kwa mfanyakazi aliyefika Ruiru saa nne usiku ameshika kufuli la namna hiyo, na anayelipia ni nyumba nzima.

Msomaji wa Biblia ataweza kupinga kwamba katika sura inayofuata ya Mathayo, kule Gethsemane, wanafunzi walilaumiwa waziwazi kwa kulala. Pingamizi hilo ni la haki, lakini walichoombwa wanafunzi wale kilikuwa na mpaka: saa moja, pamoja na mwalimu wao, kwa ajili ya jambo lililokuwa likitendeka. Kesha la Ijumaa linaweza kutetewa kwa hoja hiyo, kwa sababu lina mwanzo na mwisho. Kukesha kusikokoma ndiko Mtume Muhammad alikokukataza alipomzuia Abdullah bin Amr asifunge kila siku na kusali kila usiku, akimkumbusha kwamba mwili wake na macho yake yana haki juu yake.

Aya ya 255 ya Sura ya Al-Baqara na Zaburi ya 121 zinakubaliana kwamba kutosinzia ni sifa ya Mungu, na kwa hiyo usingizi wa kiumbe siku zote humwegemea mwingine aliye macho. Hata simu iliyolala ina saketi ndogo isiyolala. Na kukaa tayari hivyo kuna bei yake: mtambo wa umeme wa Thika, unaotumia mafuta mazito na wenye uwezo wa megawati 87, hulipwa kwa utayari wake hata usipozalisha, kwa kuwa mikataba ya umeme ya Kenya hutambua kwamba kungoja nako ni kazi. Mwanadamu anayengoja hahesabiwi hivyo: kanuni ya jumla ya mishahara nchini humo huweka wiki ya kawaida ya kazi kuwa saa 52, lakini kwa kazi ya usiku huiruhusu ifike saa 60. Teolojia inayomsifu Mlinzi asiyelala, ikahubiriwa Ruiru penye malango yanayolindwa na watu wanaochoka, inadaiwa maelezo kuhusu saa hizo 8.