Maziwa ya Mtoto na Kitanda cha Wazazi

Kuna mambo ambayo wazee wetu hawakuyazungumza mbele ya watoto, lakini waliyachunga kwa ukali. Moja ni hili: bibi akisha kuzaa, bwana hapashwi kumkaribia mpaka mtoto atembee, ao mpaka aachishwe ziwa.

Wakati bibi yangu alizaa mtoto wetu wa kwanza, mama yangu alitoka kijijini na mukeka wake. Hakuuliza mtu. Aliutandika katika chumba cha mzazi, mimi nikapelekwa kulala salon. Nilifikiri ni juma moja tu. Ilipita miezi saba. Nilipojaribu kulalamika, alinijibu neno moja: «Unataka kumwua mtoto?» Nilikuwa mwalimu, nilijua kama maziwa ya mama haiharibiwi na mambo ya kitanda. Lakini sikupata la kujibu. Toka siku ile swali linanifuata: desturi ikisimama juu ya sababu isiyo ya kweli, lakini matunda yake ni mazuri, tuitupe ao tuichunge?

Wazee walisema kama mbegu ya mwanaume inaingia katika maziwa na kumgonjesha mtoto. Tusicheke. Galen, munganga mkubwa wa zamani za Waroma, alikataza vile vile mwanamke anayenyonyesha kulala na mwanaume. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno lao, wanasema wazazi «wamembemenda» mtoto. Kwa Bakongo wa Mangaribi, kujizuia kuliweza kuchukua karibu miaka miwili. Lakini tusiseme ni desturi ya Afrika nzima. Kwa jirani zetu wa Rwanda na Burundi, bwana na bibi walirudiana kisha siku chache tu. Kule mtoto alichungwa kwa njia ingine: alinyonya muda mrefu, usiku na mchana, na kunyonya vile kunachelewesha mimba.

Basi, sababu ilikuwa ya uongo, lakini macho ya wazee yaliona vizuri. Waliona kama mimba ikifuata haraka, mtoto wa kwanza anaachishwa ziwa mbele ya wakati, na chakula anachopewa ni bugali tupu. Anavimba miguu, nywele zinabadilika rangi, anakosa hata nguvu ya kulia. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi inayoitwa leo Ghana, aliuandikia ugonjwa huo na mwaka 1935 akautangaza kwa jina alilolipata kwa wamama wa kule: kwashiorkor, ugonjwa wa mtoto anayeondolewa kwa ziwa na mdogo wake. Kwetu Kivu tunauita bwaki, na ulitutesa sana, hata watu wa Bukavu wakaunda Komite Anti-Bwaki mwaka 1965. Mama wa kijiji na daktari waliona mtoto mmoja. Walitofautiana juu ya sababu tu.

Na dini? Katika Kitabu cha Walawi, sura ya 12, mzazi anangoja siku 40 kwa mtoto mwanaume, na 80 kwa mtoto mwanamke, ndipo atakaswe. Barua inayohesabiwa kuwa ya Papa Gregori Mkubwa, ya karibu mwaka 601, inamwomba bwana angoje mpaka mtoto aachishwe ziwa. Lakini Mtume Paulo aliwaambia Wakorinto kama bwana na bibi wasinyimane, isipokuwa wakipatana, na kwa muda. Waislamu, ambao katika Maniema ni ndugu zetu wa siku zote, wanasoma katika Sura ya 2, aya ya 233, kama mama ananyonyesha miaka miwili kamili. Tena kuna hadithi katika Sahih Muslim: Mtume Muhammad alifikiri kukataza watu kulala na bibi anayenyonyesha, kisha akaangalia Waroma na Waajemi, akaona wanafanya na watoto wao hawaumizwi. Akaacha kukataza. Ile hadithi inanipendeza sana: aliangalia kwanza mambo yenyewe, ndipo akaamua.

Wakati wa wabeleji, desturi hii ilipigwa vita. Wamisionere waliona inasukuma wanaume kuoa bibi wa pili. Kampani nazo zilihitaji watu. Toka miaka ya 1920 Union Minière ya Katanga ilianza kuweka wafanyakazi na bibi zao katika kambi, na wamama wakafundishwa kuachisha ziwa mapema, mimba zisikawie. Mwaka 1933 dekreti ilikataza dawa za kuzuia mimba na kuzitangaza. Basi mama wa kambi alipoteza ulinzi wa zamani, na ule mpya alikatazwa.

Lakini tuseme ukweli wote. Wamisionere hawakudanganya juu ya bibi wa pili. Kujizuia kulikuwa sheria ya bibi; bwana alikuwa na mlango wa nyuma. Na mtoto akikonda, hata kwa malaria, nani alishitakiwa? Bibi. Siku hizi za UKIMWI, mlango ule wa nyuma unaingiza kifo ndani ya nyumba. Desturi inayomfunga mmoja na kumfungulia mwingine haiwezi kuitwa haki, hata ikiwa imeokoa watoto.

Mimi naona tuchunge shabaha, tutupe mashitaka. Shirika la Afya la Dunia linashauri kungoja angalau miezi 24 kisha kuzaa, mbele ya kutafuta mimba ingine. Karibu hesabu ya mababu! Njia ndizo nyingi sasa. Na sheria ya afya ya mwaka 2018 inasema bwana na bibi wakikosa kupatana juu ya njia ya kuzuia mimba, neno la yule inayemhusu mwilini ndilo linashinda.

Miaka mingi kisha, mama yangu amekwisha kufa, niliuliza bibi yangu kama ule mukeka ulimuuzi. Alicheka. «Miezi saba nililala usingizi. Mimi ningekuambia hapana, ungekasirika. Mama yako alisema, ukanyamaza.»

Niliona haya. Nilifikiri mukeka ulichunga maziwa, kumbe ulichunga pia mtu, na ulisema lile neno ambalo yeye hakuweza kuniambia. Wandugu wanaume, kabla ya kuuliza kama tuirudishe desturi ya wazee, tujiulize kwanza hivi: katika nyumba zetu leo, bibi anaweza kusema hapana bila mukeka wa mama mkwe?