Nyonga ya Yakobo

Somo letu wiki hii ni Mwanzo 32, Yakobo alipopigana mweleka na mtu mpaka alfajiri kwenye kivuko cha Yaboki, akaguswa nyonga ikateguka. Mahubiri mengi hukimbilia jina jipya alilopewa. Tukae kwanza nyongani.

Viungo vya mwili havifanyi kazi namna moja. Kiwiko hukunja na kukunjua tu, kama bawaba ya mlango. Shingoni kuna pingili ya kutuwezesha kuitikia kwa kichwa, na chini yake nyingine ya kutikisa kichwa tunapokataa. Bega na nyonga ni ndugu: kote kichwa cha mviringo cha mfupa huzunguka ndani ya shimo. Ila shimo la bega halina kina, ndiyo maana mkono unafika karibu kila upande, na ndiyo maana bega huteguka upesi (waulizeni magolikipa wetu). Shimo la nyonga lina kina, tena limefungwa kwa kano nene na misuli mikubwa. Nyonga ya mtu mzima mwenye afya haiteguki kwa kujikwaa. Huteguka kwa ajali ya gari, au kwa kuanguka kutoka juu.

Kwa hiyo Yakobo hakuguswa mahali palipolegea. Alimkimbia kaka yake Esau, akamtoroka baba mkwe wake Labani. Miguu ndiyo iliyokuwa ikimwokoa siku zote. Sasa Esau anakuja na watu 400, na mguu hauwezi tena mbio.

Wengi hufunga Biblia hapo. Mimi naona utamu uko sura ya 33. Yakobo aliyekuwa ametanguliza zawadi na watumishi, mwenyewe akabaki nyuma, sasa anapita mbele ya wake zake na watoto. Anainama mpaka chini mara saba. Kuinama hivyo ni kazi ya nyonga hasa. Mwenye nyonga iliyoumia hutokwa jasho kwa mara moja tu. Akainama, akainuka, akachechemea, akainama tena, na Esau akitazama. Ndipo Esau akapiga mbio kumlaki, akamwangukia shingoni, wakalia wote wawili.

Jumamosi kwenye jumuiya tutaisoma sura hiyo yote. Wazee ambao nyonga na magoti yanawasumbua, wakati wa sala kaeni vitini. Vijana watakaowahi wawaachie viti vya mbele, vyenye egemeo.