Dhahabu ya Kilwa Katika Jiji la Lisbon

Mgeni atembeaye Belém, kando ya mto katika jiji la Lisbon, hapiti mbele ya Monasteri ya Jerónimos asisimame. Mlango wake wa kusini, kazi ya João de Castilho, wapanda mita 32 hivi, umejaa watakatifu, majani na nakshi zilizochongwa kwa wembamba hata jicho lasahau kuwa hilo ni jiwe. Mfalme Manuel I ndiye aliyeijenga, mwanzoni mwa karne ya 16, na sehemu kubwa ya gharama ilitoka katika ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Vasco da Gama amezikwa humo.

Je, yampasa mtu wa pwani yetu kuustaajabia uzuri huo?

Swali si la mzaha. Mwaka 1502 huyo da Gama alifika Kilwa na merikebu zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wake kulipa kodi ya dhahabu. Kwa dhahabu ile mfalme aliagiza monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi Takatifu, ikamalizika mwaka 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti humo, kila mmoja na uso wake. Mfalme akairithisha monasteri; siku hizi imo katika jumba la makumbusho jijini humo. Lakini mwaka 1505, chombo kikiwa hakijamalizika, askari wa Francisco de Almeida waliiteka Kilwa na kuipora.

Wako wasemao kwamba jiwe halina dhambi, tutazame tu tufurahi. Wako pia watakao tugeuze uso. Sisi hatukubaliani na upande wowote. Fundi aliyeinama miaka juu ya patasi hakuwasha mzinga. Kipawa chake ni cha Mungu, na kukidharau ni kumwonea asiyehusika. Lakini anayestaajabia bila kuuliza bei ililipwa na nani ametazama nusu tu. Na mfalme aliyedhani kuwa mali ya dhuluma hutakata ikifikishwa altareni alikuwa na Yoshua bin Sira wa kumwonya, kama angalimsoma vema.

Tena tusijisahau. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman pale pale Kilwa, lenye birika la pembe nane juu ya bahari, lilijengwa katika karne ya 14 kwa utajiri wa biashara ya dhahabu ya Sofala, nasi twawasifia watoto wetu magofu yake. Kununua si kunyang'anya, wala hatutaki mambo hayo mawili yapimwe kwa mizani moja. Hata hivyo, kuna watu waliochimba.

Wareno waliandika juu ya chombo chao, kwa fahari, kwamba dhahabu yake ni kodi ya Kilwa; fahari yao imekuwa ushahidi. Wale waliochimba huko bara, nyuma ya Sofala, hawakuachiwa hata mstari mmoja, si Lisbon wala Kilwa.